Sura ya Saba: Maji ya Chumvi Kwenye Friji

Mfamasia alikuwa ameketi na Inspekta alikuwa amesimama, kama kawaida yake. Kituoni walimwita Kiroboto, zamani kwa kunong'ona, siku hizi mbele yake, na mwenyewe alishaacha kununa, kwa sababu ilikuwa kweli kwamba mwanamke yule kiti hakimweki. Alihoji watu huku akizunguka meza, akifungua dirisha na kulifunga tena, akinyoosha kalenda ukutani. Wako waliowahi kukiri ili mradi tu atulie.

Mfamasia hakuwa wa aina hiyo. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka kwenye ukosi, na hasira yake ameikunja vizuri kama leso. Alirudia yaleyale aliyoyasema tangu siku ya kwanza. Dawa ya majaribio ilifika hospitali ndani ya sanduku la barafu. Aliipokea yeye, akaifungia kwenye friji yenye ufunguo, akawagawia wagonjwa waliosajiliwa, kila mmoja chupa za wiki nzima, nao wakaenda kujidunga nyumbani kama walivyofundishwa na manesi. Kama dawa ya mtu fulani iligeuka maji, haikugeukia mikononi mwake.

Kiroboto akamuuliza nani mwingine alikuwa na ufunguo. Akajibu kwamba hakuna, na kwamba anajua jibu hilo linamkaanga mwenyewe, lakini ndilo jibu.

"Basi ni wewe, au ni mgonjwa," Kiroboto alisema.

Mfamasia alimtazama kama mtu aliyesikia upuuzi. "Mgonjwa ajiibie dawa inayomponya? Afande, hilo hata mimi silikubali. Bora uniandike mimi."

Na kwa kweli hapo ndipo kesi ilipokuwa imekwama. Hospitali ilikuwa ikijaribu dawa mpya kwa watu wenye saratani ya figo. Mmoja wao, mwanamke fundi wa miwani, alianza vizuri kuliko wenzake wote, kisha akaanza kurudi nyuma bila sababu. Mtaalamu wa maabara aliingiwa na wasiwasi, akaomba chupa ya mwisho ya wiki iliyokuwa kwenye friji ya nyumbani kwa fundi yule, akaipima. Haikuwa na dawa hata tone. Ndani mlikuwa na maji ya chumvi, yale ya kawaida yanayotumika kwenye dripu. Mfamasia akasimamishwa kazi siku hiyohiyo, na polisi wakaitwa. Fundi wa miwani, alipoulizwa, alisema hajui lolote; yeye hupewa chupa, hujidunga, basi.

Simu ililia mezani. Kiroboto aliiwahi kabla haijalia mara ya pili.

Alikuwa ni fundi wa miwani mwenyewe. Alikuwa ameitwa kituoni asubuhi hiyo kuhojiwa tena, na sasa alipiga kuomba radhi kwamba hataweza kufika. Mdogo wake amezidiwa tangu alfajiri. Wako hospitali, chumba cha wagonjwa mahututi. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma maneno ya mtu mwingine.

Kiroboto alimpa pole, akauliza anaumwa nini. Homa, fundi alisema. Homa kali, anatetemeka, na amevimba.

"Amevimba wapi?"

"Kila mahali. Uso. Miguu. Vidole havikunjiki."

Simu ilikatika, Kiroboto akabaki ameishika mkononi. Homa, kutetemeka, kuvimba mwili. Maneno hayo aliwahi kuyasikia kwa mpangilio huohuo, kutoka kwa mtaalamu wa maabara, siku alipomuuliza dawa ile inaweza kumdhuruje mtu. Alimwambia mfamasia aende nyumbani na asitoke mjini. Mfamasia alitaka kujua kama hiyo maana yake amesafishwa. Inspekta alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

*

Nje ya chumba cha wagonjwa mahututi palinuka dawa ya kusugulia sakafu. Kupitia kioo cha mlango Kiroboto alimwona mgonjwa. Walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzaliwa kwao, na jina likamganda hata kazini. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke wa mabega mapana aliyezoea kupiga kelele kwenye gari lililofungwa vioo. Sasa alikuwa amelala chali, uso umeumuka mpaka macho yamekuwa mistari miwili, mipira ya dripu mikono yote miwili. Hakuwa na fahamu. Kando ya kitanda, dada yake alikuwa amekaa wima, amembana mkono.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alisema wanadhani ni maambukizi kwenye damu. Amepewa antibayotiki tangu afike, lakini shinikizo la damu linateremka tu, na maji yanavuja kutoka kwenye mishipa kuingia mwilini. Vipimo vya kuotesha vijidudu vimeanza, ila majibu yake huchukua siku kadhaa, na siku hizo mgonjwa huyu hana.

Kiroboto aliuliza kama inaweza kuwa dawa.

"Dawa gani?"

"Ya majaribio. Anayodungwa dada yake."

Daktari alimkazia macho, kisha akaenda kwenye kompyuta ya manesi, akabonyeza mara mbili tatu. Kiroboto alichungulia begani kwake bila kuombwa. Kitinda naye ana saratani ya figo, daktari alisema taratibu, ileile ya dada yake. Ni ya ukoo, hata mama yao ndiyo iliyomwondoa. Aliomba kuingia kwenye majaribio wakati mmoja na dada yake. Dada akakubaliwa, yeye akakataliwa. Moyo wake ni dhaifu, na dawa ile huulemea moyo.

Hilo fundi wa miwani hakuwahi kulitamka hata mara moja. Alipohojiwa nani anaishi naye, alisema mdogo wake, mwalimu wa udereva, mtu wa kutoka asubuhi na kurudi jioni. Kuhusu ugonjwa wa mdogo wake, kimya.

Daktari alikuwa amekwisha kuona kule Kiroboto alikokuwa akielekea, na hakufurahi. Alimvuta kando, karibu na sinki. Kama ni dawa ile, alieleza, tiba ipo: atampa steroidi kwa wingi, zizime kinga ya mwili iliyowaka moto. Lakini kama ni vijidudu na yeye akazima kinga, atakuwa amevifungulia mlango na kuvikaribisha ndani.

"Siwezi kubahatisha," alisema. "Nipe kitu cha kushika. Na usichelewe, jioni ikifika sitakuwa na la kuchagua."

Kiroboto aliomba damu. Kijichupa kimoja cha damu ya Kitinda, kilichochukuliwa asubuhi, kilikuwa bado hakijatumika. Alikibeba mwenyewe.

*

Mtaalamu wa maabara alikuwa na jina refu mlangoni ambalo hakuna aliyelitumia. Hospitali nzima walimwita Darubini. Alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, na alikipokea kile kijichupa kwa ncha za vidole, akakitia kwenye mashine ya kuzungusha, akamwambia Inspekta asiguse chochote. Halafu akamwambia tena, kwa sababu alikuwa amegusa.

Kiroboto alimwomba amrudie mambo yote tangu mwanzo, kama anamweleza hakimu aliyelala. Zile seli za kuua zinazoamshwa na dawa ni askari wa damu, siyo?

"Usiniletee habari za askari," Darubini alisema. "Askari husubiri amri. Hizi husubiri kugusa."

Akachora kwenye karatasi ya kufutia mikono: duara, na vijiti vimelizunguka kama miba. Seli ya kuua, alisema, kazi yake ni kupapasa seli nyingine moja baada ya moja. Vile vijiti ni vipokezi, ndiyo mikono yake. Iko mikono ya kumwambia ua, iko ya kumwambia acha. Na idadi yake haikai vilevile, maana seli za mwili hutumiana protini za ishara ndani ya damu, na kila protini ina lake. Iko moja, interlukini ya kumi na tano, ambayo ikimfikia huyu bwana inamwotesha mikono ya kuua, mingi, na kumtia njaa. Dawa yetu imetengenezwa kwa kuiiga hiyo. Iko nyingine inayofanya kinyume. Hiyo uvimbe wa saratani huitoa wenyewe, kwa faida yake; seli ya kuua ikiogeshwa nayo huingiza mikono ndani kama kobe. Basi inapita ubavuni mwa saratani kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mtu asiyemjua.

Kwenye kioo cha kompyuta alimwonyesha damu ya fundi wa miwani, mwezi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza mstari ulipanda, mikono kibao. Kisha ukaanza kuteremka, ukateremka mpaka chini ya pale ulipoanzia kabla ya dawa. Darubini alikuwa amewaza kila kitu, alisema. Labda dawa imeharibika kwa joto. Labda mwili umeizoea. Akachota damu yake mwenyewe, akaigawa kwenye vikombe viwili. Kimoja akakitia dawa kutoka friji ya mfamasia, na asubuhi yake seli zilikuwa na mikono tele. Kingine akakitia kilichokuwa kwenye chupa ya nyumbani kwa fundi. Hakuna kilichoota.

"Kwa hiyo dawa ilitoka hapa ikiwa nzima," Kiroboto alisema.

"Ilitoka nzima, au ilibadilishwa mlangoni. Hilo kazi yako."

Seli za Kitinda zilichanganywa na rangi zinazong'ang'ania vipokezi, zikaachwa zikae gizani. Kusubiri kulimtesa Inspekta. Alisoma maonyo yote ukutani. Alihesabu glovu kwenye boksi. Alitoka ukumbini kumpigia konstebo, akamtuma nyumbani kwa fundi wa miwani akachukue kila chupa na kila bomba la sindano, hata vya kwenye takataka, akarudi, akakuta bado. Darubini alimpa kitambaa amfutie meza ili mikono yake ipate kazi.

Hatimaye mashine ya kuhesabu seli ikaanza kuzimeza. Nukta zikamiminika kwenye kioo, seli moja nukta moja, nazo zilijikusanya juu kabisa, kona ya kulia, zimebanana kama nyuki. Darubini aliweka picha ya damu ya dada mtu kando yake. Huku zimejaa juu, kule zimelala chini.

"Huyu amedungwa dawa," Kiroboto alisema.

"Huyu seli zake zina mikono mingi."

"Si ndiyo hayo hayo?"

Darubini alitikisa kichwa, na ilionekana inamuuma kukitikisa. Mwili ukivamiwa na vijidudu, alisema, hutoa wenyewe protini zilezile, interlukini hiyohiyo na ndugu zake. Mtu mwenye maambukizi makali naye seli zake huota mikono. Si kwa wingi huu mara nyingi. Lakini mara nyingi si neno la kiapo.

"Mahakamani nitasema inaelekea. Kwa daktari pale juu nitasema hivyohivyo. Nikisema nina hakika, nitakuwa nimekudanganya, na mgonjwa ndiye atakayelipa."

Kiroboto alizikodolea zile nukta. Mashine ilikuwa imeshasema yote iliyoyajua. Aliyebaki kuongea alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa amekaa kando ya kitanda cha wagonjwa mahututi, kimya tangu asubuhi.

*

Nesi aliwapa chumba cha kuwekea mashuka. Fundi wa miwani aliketi juu ya furushi, mgongo umenyooka. Alikuwa amekonda; gauni lilimning'inia kama la mtu mwingine. Shingoni bado alikuwa na kioo kidogo cha kukuzia, kile cha kazini. Alikuwa ametoka nyumbani bila kukumbuka kukivua.

Kiroboto hakumzungusha. Alimweleza yale ya daktari: tiba moja, itamponya kama ni dawa na itamuua kama ni vijidudu, naye hajui ni kipi. Akamweleza na yale ya Darubini. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: mdogo wake atashtakiwa?

Kiroboto alisema sasa hivi hakuna anayetafutwa kushtakiwa. Anatafutwa wa kuokolewa.

"Nilimpa mimi," fundi alisema. Aliyasema haraka, kama aliyekuwa ameyashika mdomoni siku nyingi. "Dawa ni yangu. Yeye walimnyima, mimi nikampa. Kwa hiari yangu. Andika hivyo."

Kiroboto aliacha kutembea. "Jana ulimpa ngapi?"

"Moja. Kama siku zote."

"Ulimdunga wewe?"

"Alijidunga mwenyewe."

"Saa ngapi?"

Fundi alisema asubuhi. Kisha akasema labda mchana. Kiroboto akamwomba radhi, akamwomba afunue tumbo. Mlango ulikuwa umefungwa, na walikuwa wanawake wawili tu. Fundi alisita, kisha akainua gauni kidogo. Ngozi ya tumbo ilikuwa imejaa alama ndogondogo, nyingine zimegeuka njano, nyingine za zambarau. Moja, karibu na kitovu, ilikuwa mbichi.

"Dada yangu," Kiroboto alisema, na hapo kwa mara ya kwanza hakumwita bibi, "mtu aliyemgawia mwenzake dawa yake, yeye anajidunga nini kila siku?"

Ukumbini toroli lilipita, gurudumu moja likilia. Fundi alishusha gauni, akalinyoosha magotini.

"Maji," alisema.

"Ulijua ni maji?"

"Nilijua."

Yaliyofuata aliyasema bila kuulizwa sana. Mwezi wa kwanza, kila alipojidunga, usiku alishikwa na homa na kutetemeka. Manesi walimwambia afurahi, ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Kisha homa ikakoma ghafla. Alidhani mwili umezoea. Asubuhi moja alipotaka kuchoma sindano kwenye chupa, jicho likamwambia kuna kitu. Kazi yake ni kuona mkwaruzo kwenye kioo ambao mwenye miwani hatauona maisha yake yote. Alikishika kile kioo cha kukuzia, akatazama kizibo cha mpira. Kilikuwa na tundu la sindano. Yeye alikuwa bado hajakichoma.

"Na nyumba ile ni yetu wawili," alisema.

"Kwa nini hukumuuliza?"

"Nimuulize nini? Siku waliyomkataa hakulia. Alitoka hapa akaenda moja kwa moja kumfundisha mtu kuegesha gari, akarudi jioni akanipikia." Alikuwa akiviangalia vidole vyake. "Namjua. Ningemwambia nimeona, angeona haya, angeacha siku ileile. Basi nikamwacha. Lakini ningeacha kujidunga, angejua kwamba nimejua."

Kiroboto alielewa, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuuliza hata yale aliyoyaelewa, aliuliza. "Ulijidunga yale maji mbele yake?"

"Mezani. Tukinywa chai. Ili anione."

Inspekta aligeuka akapanga upya mashuka ambayo hayakuwa na kasoro. Kisha akauliza habari za mfamasia. Fundi aliinamisha kichwa. Huyo, alisema, amemkosea, na hana la kujitetea. Alidhani watachunguza, waone hana hatia, wamrudishe kazini kimyakimya, na mambo yaishe. Siku zilivyopita kila asubuhi aliamka akisema leo atapiga simu, na kila asubuhi alimwona mdogo wake anakula na kumaliza sahani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue.

"Sasa nisikilize," Kiroboto alisema. "Jana ilikuwaje?"

Darubini alipoichukua chupa ya kupimwa, friji ilikaa tupu kwa siku kadhaa. Kitinda alihangaika, alikuwa akifungua friji na kuifunga bila kutoa kitu. Juzi hospitali ikaleta chupa nyingine. Jana asubuhi fundi alizitazama kwa kioo chake. Siku zote tundu lilikuwa kwenye kizibo kimoja.

"Jana vilikuwa vizibo viwili," alisema. "Nilidhani moja imemharibikia. Sikudhani amejidunga zote mbili." Alikishika kioo cha shingoni. "Nilikuwa nimezishika mkononi. Nikazirudisha."

Kiroboto alikuwa ameshafungua mlango.

*

Daktari wa zamu alitaka kulisikia kutoka kinywani mwa dada mwenyewe, naye alilisema, amesimama, mbele ya manesi wawili: chupa mbili, jana asubuhi, na nyingine nyingi kabla ya hapo. Daktari aliuliza ana hakika. Alisema ndiyo. Steroidi ziliingia kwenye dripu papo hapo. Antibayotiki nazo aliziacha ziendelee, maana hakuwa mtu wa kuweka mayai yote kapu moja hata akihakikishiwa na malaika.

Mchana ule ulikwenda kwa kuburuta miguu. Konstebo alileta chupa na mabomba ya sindano; kwenye moja ya mabomba mlikuwa na tone la maji ya chumvi. Shinikizo la damu la Kitinda liliteremka tena, likasimama, likakaa palepale kiasi cha kumfanya kila aliyeitazama ile namba aanze kuichukia. Jua lilipoanza kuegemea madirisha ya upande wa pili, shinikizo lilipanda kidogo. Nesi alisema kidogo si kitu. Likapanda tena.

Kiroboto alimpa fundi simu, akampa na namba. Hakumwambia aseme nini. Fundi alijitambulisha kwa mfamasia, akamweleza yote, akasema hamwombi amsamehe, anataka tu ajue. Mfamasia aliuliza mgonjwa anaendeleaje, na moyo wake unapimwa kila baada ya muda gani, kisha akakata bila kuaga.

Hospitali ilitaka kesi, na Kiroboto alimwambia fundi waziwazi kwamba ataandika yote mawili: kwamba dawa ilichukuliwa kwa siri, na kwamba mwenye dawa alijua. Mkubwa wake atajua la kufanya nayo. Fundi aliuliza kama lile la pili linaweza kuachwa. Haliwezi, Kiroboto alisema, ndilo linalomtoa mdogo wako kwenye neno wizi. Fundi akasema hajali polisi wajue. Asiyetakiwa kujua ni Kitinda.

Kesho yake Darubini alipanda ngazi mwenyewe, akihema, kuleta habari ambayo hakutaka kuituma kwa simu. Alikuwa amechukua damu ya fundi, zile seli zilizoingiza mikono ndani, akazilaza na dawa halisi. Asubuhi alizikuta zimeota. Si zote, wala si kama za mtu mwenye afya, lakini zimeota. Daktari mkuu wa majaribio alikuwa amekubali fundi aanze upya, safari hii akidungwa hospitali mbele ya nesi, kuanzia leo.

Fundi alimshukuru, akasema atakwenda baadaye kidogo. Kitinda alikuwa amefumbua macho.

Kiroboto alisimama mlangoni, kwa kuwa alihitaji maelezo ya mgonjwa na daktari alikuwa amempa dakika chache. Hakuzitumia. Uvimbe ulikuwa umepungua usoni. Mtu alianza kuonekana. Kitinda alimtazama dada yake, akameza mate kwa taabu, akaanza kusema kuhusu dawa, kwamba kuna jambo, kwamba dada amsikilize kwanza asije akaondoka.

Fundi wa miwani alikuwa na muda wa kusema chochote. Alikuwa ameutengeneza uongo wake tangu jana. Kiroboto aliuona umekaa tayari usoni mwake. Kisha fundi akauacha.

"Najua," alisema. "Pumzika."

"Unajua tangu jana?"

"Tangu zamani."

Kitinda alilihesabu neno lile. Alipoelewa, hakulia. Alijaribu kuinuka, mipira ya dripu ikamrudisha chini.

"Kila asubuhi," alisema, sauti inakwaruza. "Ulikaa pale mezani ukajidunga maji, ukaniuliza kama nimelala vizuri."

"Ndiyo."

"Ungenikamata. Ungenipiga kofi."

"Halafu?"

"Halafu ningekuwa mwizi aliyekamatwa, basi. Ningejijua. Sasa mimi ni nani?"

Dada yake alinyoosha mkono kulivuta shuka, Kitinda akausukuma mkono, akaendelea, maneno yakimtoka kwa vipande kati ya pumzi na pumzi: kwamba amefanywa mjinga, kwamba huo si wema, kwamba dada mtu angekufa, dhambi hiyo angeibeba nani. Mashine ya moyo ilianza kulalamika. Nesi alikuja mbio kuwanyamazisha, daktari wa zamu akamshika nesi bega, akasema amwache kidogo. Jana mwanamke huyu hakuwa na pumzi ya kumfokea mtu.

Kitinda alichoka ghafla. Alifumba macho. Walidhani amelala.

"Leo umedungwa?" aliuliza, bado amefumba.

"Bado."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa hapa."

Mkono uliovimba ukapapasa ukingo wa kitanda, ukaipata kengele ya kumwita nesi, ukaibonyeza, ingawa nesi alikuwa amesimama palepale.

"Mpelekeni huyu akadungwe," Kitinda alisema. "Na mtu asimame naye mpaka dawa iingie yote."